Macho ya Kuazima

Tarehe 9 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Ninatumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja kimekwisha. Sisi hatujambo. Mama mgongo unamsumbua kama kawaida ya siku za kushona sketi, lakini anakataa kuuita ugonjwa.

Barua yako tuliisoma Jumapili. Nilipoanza kwa sauti, Mama alinisimamisha akagonga ukuta, akaja Bibi Kola wa chumba cha pili, na nyuma yake Mama Vifungo, kilemba bado hajakifunga. Unawakumbuka, wanashona meza moja na Mama kule karakana ya sare za shule. Mama Vifungo aliuliza kama kuna habari za mchumba. Nikamwambia ni habari za masomo. Akasema, "Haya, soma, huenda amejificha huko katikati."

Umetuuliza uchukue lipi kati ya masomo matatu kwa shahada ya pili. Niliwaeleza kama ulivyoandika: kwamba sosholojia huitazama jamii nzima, makundi yake na sababu za mambo; kwamba anthropolojia hukaa na watu wachache kwa muda mrefu mpaka iwaelewe kama wanavyojielewa wenyewe; kwamba maendeleo ya jamii hufundisha kupanga kazi pamoja na watu ili hali yao iwe nafuu. Bibi Kola alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akasema, "Wa kwanza anatutazama kutoka barabarani. Wa pili anaingia ndani anakaa. Wa tatu anakuja na nyundo. Mimi nileteeni wa tatu, bati langu linavuja."

Mama aliuliza hao wa pili wanatibu nini. Nikasema hawatibu, wanasoma watu.

"Na mtu akiwa hataki kusomwa?"

Tulicheka sote, hata yeye.

Mimi sina ushauri mkubwa. Ninaona uchague lile utakalolisoma bila kusukumwa. Mwalimu wetu wa uraia amesema ninajua kuuliza, na kwamba kuuliza ni nusu ya masomo ya aina hiyo. Mwakani namaliza shule. Ukifungua njia, nitapita nyuma yako.

Mama anakusalimu sana.

Mdogo wako


Tarehe 2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Hujambo? Mama hajambo? Mwambie alale chali juu ya mkeka, si kitandani, mgongo utapoa. Mimi ni mzima, kikohozi kimeondoka.

Nimechagua anthropolojia, nao wamenikubali. Mwambie Bibi Kola wa nyundo atakuja baadaye, pengine ni wewe. Katika tasnifu yangu nitaandika juu ya wanawake wanaofanya kazi meza moja. Nimemwandikia mwenye karakana kuomba ruhusa, naye amekubali, kwa sharti kwamba nikimaliza nimpelekee nakala. Ni haki yake, na ndiyo kanuni: mtafiti hurudisha matokeo kwa wenyeji.

Nauli ya kuja kukaa huko miezi mitatu chuo hakikutoa, kwa hiyo nakutumia hojaji kumi na mbili. Wasomee wanawake maswali, wajaze wanaotaka tu. Kwanza wasomee ile karatasi ya juu, inayosema hakuna atakayejulikana. Isome polepole. Wakikubali waweke sahihi au dole gumba.

Na wewe niandikie. Huku chumba changu kina dirisha moja linalotazama ukuta. Nimechoka kusoma nadharia za watu waliokufa. Niandikie habari za nyumbani, zote, hata zile unazoona ni ndogo.

Dada yako


Tarehe 20 Aprili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za masomo? Sisi hatujambo. Mgongo wa Mama umepoa, ingawa anasema ni mvua zilizoupoza, si mkeka wako.

Hojaji zimejazwa tisa, nimezituma kwa bahasha ya peke yake. Karatasi ya juu niliisoma polepole kama ulivyosema. Mama Vifungo aliniambia niisome mara ya pili, akaniuliza, "Hakuna atakayejulikana, ni wewe unasema au ni karatasi?" Nikamwambia ni karatasi, na mimi pia. Ndipo akaweka dole. Swali la saba, lile la uhusiano kazini, wote walijibu "mzuri". Mrefu, yule anayekaa mkabala na Mama, alisema swali hilo ni kama kumuuliza samaki habari za maji.

Sasa nikuandikie habari ya nyumbani. Hii si ya hojaji, ni yako.

Wiki ya likizo nilikuwa nampelekea Mama chakula karakana, nikaruhusiwa kumsubiri kwenye benchi la nyuma. Nilikaa siku nne. Siku ya pili nikagundua Bibi Kola haoni. Si kwamba haoni kabisa; anaona mtu anapita, anaona mlango uko wazi. Lakini uzi haoni, wala hapambanui bluu na nyeusi. Na bado kola zake zinatoka zimenyooka.

Nilitazama zinavyotoka. Asubuhi, kabla mnyapara hajaingia, Mrefu anamtungia uzi, na nyuzi zake anazipanga nyeupe kushoto, bluu kulia, siku zote hivyo hivyo. Mama anakaa upande wa kushoto. Kila kola anachomeka pini pale mshono unapoishia, ili kidole cha Bibi kiikute pini kabla sindano haijafika. Mama Vifungo yuko kulia. Anapokea kola, anaikagua, na ikiwa imepinda anaifumua chini ya meza na kuishona upya bila kusema neno. Uzi ukikatika Bibi anakohoa mara moja, Mrefu anainuka kana kwamba anakwenda kuchukua mkasi. Hakuna anayemtazama mwenzake. Ukikaa pale dakika kumi utasema ni wanawake wanne, kila mtu na kazi yake.

Nilimuuliza Mama tukirudi. Tulipofika kwenye kona ya muuza mkaa alipunguza mwendo. Akasema, "Tunamwazima macho. Yeye alituazima mikono tulipokuwa hatujui kushika kitambaa." Mwaka wa tatu huu. Akaniambia niache hapo hapo, na nimeacha, isipokuwa kwako, kwa sababu wewe ni wa ndani.

Nimeona niseme kwa sababu ni jambo zuri kuliko yote niliyoyaona mwaka huu, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Mdogo wako


Tarehe 6 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba. Natumaini nyote hamjambo. Nimeisoma barua yako mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama.

Unajua kutazama. Watu wanasoma miaka mitano bila kujua kutazama hivyo. Nieleze zaidi: ile pini inachomekwa kwa mlalo au kwa wima? Mnyapara akipita karibu wanafanyaje? Bibi mwenyewe huwa anasema nini? Wamewahi kukosana juu ya jambo hili? Usiache kitu. Ninakuona kabisa kwenye lile benchi, na nikifumba macho najiona nimekaa pembeni yako.

Dada yako


Tarehe 15 Novemba

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama hajambo? Nisamehe kwa kimya cha miezi hii. Majibu yako ya Mei na Juni yote yalifika. Sikuwa na muda hata wa kuchana nywele.

Nimefaulu, na kwa daraja la kwanza. Mwalimu anayenisimamia alisema sura ya tatu ndiyo iliyobeba tasnifu nzima, akauliza kama niko tayari kuendelea na shahada ya tatu. Mwambie Mama. Mwambie kwa sauti, agonge ukuta.

Pamoja na barua hii kuna bahasha kubwa, nimeifunga kwa gundi. Ni nakala ya karakana niliyoahidi. Ya nyumbani nitaileta mwenyewe, zimechapwa chache. Tafadhali ipeleke kwa mkono wako kabla ya Ijumaa, umkabidhi mwenye karakana, si mtu mwingine. Kwenye ukurasa wa shukrani nimekuandika.

Mwakani ni zamu yako. Anza kufikiria: sosholojia, anthropolojia, au ile ya nyundo.

Dada yako


Tarehe 3 Desemba

Dada,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi tuna afya.

Bahasha niliipeleka Alhamisi. Nilivaa sare ya shule iliyopigwa pasi. Sikuifungua, maana nimefundishwa kutofungua kisicho changu, na pia nilitaka ukurasa wangu wa shukrani nije kuuona siku utakapokuja. Mwenye karakana alinipa mkono. Alisema ni mara ya kwanza karakana yake kuandikwa kwenye kitabu.

Jumatatu yake mnyapara aliingia na kitabu hicho kwapani. Nakuandikia kama Mama alivyonisimulia, kwa sababu mimi sikuwepo. Aliwaamuru wazime cherehani zote. Akasoma sura ya tatu akiwatafsiria, sentensi moja moja, huku akinyoosha kidole kushoto, kulia na mkabala kama mtu anayekagua orodha. Pini. Nyuzi za kushoto na kulia. Kikohozi. Hukutaja jina la mtu, kweli. Umeandika "mshonaji wa kola, mkubwa kuliko wote mezani." Dada, wako wangapi?

Alipomaliza alimwekea Bibi Kola sindano na uzi mweusi. Akamwambia, "Tunga."

Hakuna aliyeruhusiwa kusogea. Mama anasema Bibi aliulowesha uzi mdomoni, akausokota, akaunyoosha, akaupeleka. Ukapita pembeni. Akaulowesha tena. Mama anasema aliendelea hivyo mpaka uzi ukawa umechambuka kama manyoya, na mashine zote arobaini zimezimwa. Mwishowe Bibi aliiweka sindano chini taratibu ili isidondoke, akavua aproni, akaikunja mara nne. Akamuuliza mnyapara, "Mlango uko wazi?" Mnyapara akasema uko wazi. Akatoka.

Bibi ameachishwa kazi. Mama, Mama Vifungo na Mrefu wamesimamishwa kwa kosa la kuidanganya karakana. Mwenye karakana amesema hivi: la Bibi limekwisha, lakini hao watatu hakuna aliyewaona ila mwandishi, na mwandishi ameandika "niliona kwa macho yangu." Kama mwandishi ataleta barua yenye sahihi kwamba hakuona, kwamba alisikia tu, atawarudisha, kwani hawezi kumfukuza mtu kwa la kusikia. Ametoa muda mpaka karakana itakapofunguliwa baada ya mwaka mpya, tarehe 5.

Nawe hukuona. Kwa hiyo ni barua ya kusema kweli tu. Haitazidi mistari mitano.

Mama hajui kama nakuandikia. Amesema, "Mwacheni. Aliyesoma kasoma." Lakini Mama Vifungo na Mrefu hawajakuzaa, hawana sababu ya kusema hivyo. Mama Vifungo aliniuliza bombani, "Ile karatasi ya juu, uliyonisomea mara mbili, unayo bado?" Nikachukua ndoo yangu.

Nakuomba uiandike mapema, posta ya mwisho wa mwaka huchelewa.

Mdogo wako


Tarehe 19 Desemba

Mdogo wangu,

Hujambo? Barua yako imenitoa usingizi. Pole sana, mpe pole Mama, na Bibi Kola hasa.

Nataka unielewe kabla hujanihukumu. Niliandika kwa kuwasifu. Sura ile haina neno moja baya juu yao. Ukiisoma utaona ni sura ya heshima. Majina niliyaficha. Sikujua kama mwenye karakana ataisoma mpaka ndani. Wengi wao huweka kabatini.

Hilo la "niliona kwa macho yangu" ndilo gumu. Katika anthropolojia mtu huandika alichokiona akiwa pale. Ningeandika kwamba nimepata kwenye barua ya mdogo wangu wa shule, sura ya tatu isingekuwepo, na bila sura ya tatu hakuna shahada. Barua yako ilikuwa hai sana hata nikahisi nilikuwepo. Sasa nikitia sahihi kwamba sikuona, ile karatasi haitaishia karakana. Itafika chuoni. Watanivua shahada, na nafasi ya shahada ya tatu itakwenda na maji, na yako wewe itakayofuata nyuma yangu. Je, Mama alishona miaka yote hiyo kwa ajili ya hilo?

Nipe muda nitafute maneno ambayo hayatamuumiza mtu. Nitaandika kabla ya tarehe 5. Waambie wasubiri.

Dada yako


Tarehe 8 Januari

Dada,

Shikamoo. Natumaini hujambo.

Tulisubiri. Tarehe 2 nilikwenda posta asubuhi na jioni. Tarehe 3 karani wa posta aliniambia nisiwe nasimama dirishani, angeniita mwenyewe. Tarehe 4 hakuniita.

Usiku wa tarehe 4 nilikaa nikaandika mimi. Nilifikiri hivi: kama mwandishi hataki kusema hakuona, basi nitasema mimi kwamba hakuwepo. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri, aya tatu, kama tulivyofundishwa barua rasmi. Kwamba dada yangu hajakanyaga karakana tangu alipokwenda chuo. Kwamba yote aliyoyaandika aliyatoa katika barua yangu ya tarehe 20 Aprili, ambayo nilimwandikia kama ndugu. Kwamba kwa hiyo yeye hakuona kitu, na waliosimamishwa warudishwe kama ilivyoahidiwa. Asubuhi nikaipeleka, na sikumwambia mtu, nikitaka Mama aitwe kazini bila kujua ni nani aliyemtetea.

Mnyapara aliisoma amesimama, kisha akakaa akaisoma tena. Alisema, "Unaandika vizuri, binti. Kwa hiyo aliyeona ni wewe."

Sikuelewa upesi. Nilisema ndiyo. Akauliza siku ngapi. Nikasema siku nne, nilikuwa benchi la nyuma. Akauliza kama naweza kuapa kwamba si maneno ya kusikia. Dada, mimi nilidhani anataka kuhakikisha kwamba sisemi uongo. Nikasema naweza kuapa.

Saa nne waliitwa wote watatu, wakapewa barua za kuachishwa. Barua yangu imebanwa na pini nyuma ya barua ya Mama kama kielelezo.

Mama hakunipiga wala hakunisema. Alisoma mwandiko wangu, akasema, "Ni wako," akaingia kulala saa tano mchana. Mama Vifungo alikuja mlangoni, hakuingia. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mkubwa kaandika asichokiona, mdogo kaandika alichokiona. Afadhali mngekuwa vipofu wote wawili, tungewaazima macho na nyinyi." Mrefu amehama na kitanda chake, hatujui kaenda wapi. Bibi Kola bado yupo chumba cha pili. Tunapogonga ukuta hagongi.

Sijakuandikia ili uumie. Nakuandikia kwa sababu barua yangu ya Aprili ndiyo iliyoanza, na ile ya karakana ndiyo iliyomaliza, na wewe ukiwa na kalamu mkononi ulikaa katikati ukinyamaza.

Mdogo wako


Tarehe 14 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo? Mama hajambo? Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Niliyoyafanya nimeyafanya, na siku moja nitakuja kuyasema kwa mdomo, si kwa karatasi. Kwa sasa ratiba hainiruhusu, nimepewa darasa la kufundisha mwaka wa kwanza.

Nimekutumia fomu ya kujiunga hapa chuoni. Nimeijaza sehemu kubwa, umebaki kuchagua moja kati ya yale matatu na kutia sahihi. Nimeongea na watu. Ukichagua anthropolojia tutakuwa jengo moja. Mtu anayeona kama wewe hafai kupotea.

Na jambo moja. Kwa shahada ya tatu ninafikiria kuandika juu ya maisha ya washonaji baada ya kuachishwa kazi: wanakwenda wapi, wanashikana vipi, nani anazungumza na nani. Huenda kitu chema kikatoka humo, nami nikalipa kidogo. Safari hii tutafanya kwa utaratibu. Niandikie tu habari za nyumbani, zote. Mama anafanya nini siku hizi? Bibi Kola anaishi na nani? Mama Vifungo amepoa? Usiache hata moja.

Dada yako


Tarehe 2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya.

Sisi hatujambo. Mama hajambo. Bibi Kola hajambo. Mama Vifungo hajambo. Mrefu naye, popote alipo, tunaomba awe hajambo.

Mvua zimeanza.

Fomu yako nairudisha ndani ya bahasha hii. Maendeleo ya jamii nimeomba chuo kingine, kwa fomu niliyoijaza mwenyewe. Wamenijibu kwamba nifike kwa usaili.

Umeomba habari zote za nyumbani. Ni hizo.

Mdogo wako